Digrii Sita za Muyinga

Siku yangu ya kwanza kazini Bwana Nuru aliniambia nishike mabomba mawili, moja kwa kila mkono, nisiachie mpaka yeye aseme. La kushoto lilitoka kisimani na lilikuwa baridi, kama maji ya kisima yalivyo Gitega asubuhi. La kulia lilianza kupata uvuguvugu, likawa joto, kisha nikapiga kelele nikaliachia. Bwana Nuru akafuta miwani yake kwa shati.

"Sasa niambie, moto iko wapi?"

Niliitazama ile mashine. Ilikuwa sanduku la bati la kijani, kimo cha kabati la vyombo, likinguruma taratibu. Ndani yake hakukuwa na kuni wala makaa, wala ule waya wa kuchemshia unaouona kwenye birika la umeme. Nikamwambia, "Mi sioni moto."

"Bon. Wanaoona moto hapo siwapi kazi."

Basi ndivyo nilivyopata kazi, kwa kutoelewa. Ninyi wenzangu mnaobaki karakana mmeniomba niandike niliyoyaona kabla sijayasahau. Mambo ya vyeo nayaruka, hayakunifundisha kitu. Naandika kwa mpangilio wa miaka ili msipotee, ingawa mwenyewe bado nimepotea kidogo, na mtaona ni wapi.

Nilizaliwa Nyamugari, mtaa wa Gitega, mwaka wa uhuru wa Burundi. Baba alikuwa fundi cherehani na alitaka nirithi mashine yake. Mimi nilipenda zaidi kuifungua kuliko kuishonea. Baada ya kuikuta vipande vipande kwenye mkeka mara ya tatu, akanipeleka shule ya ufundi nikasome umeme. Tulikuwa wasichana wawili darasani, na yule mwenzangu aliolewa kabla hatujafika kwenye mota. Nilipomaliza, jirani yetu alinipeleka kwa Bwana Nuru, mwenye duka la vyuma na mafrigo, yaani majokofu. Babu yake alitoka India na vitambaa. Yeye mwenyewe alizaliwa Gitega, akaswali msikiti mmoja na baba yangu, na Kiswahili chake kilikuwa hiki hiki chetu, na Kirundi chake kilinishinda mimi. Aliagiza mafrigo, kisha vyumba vya baridi, na mwaka ule nilipoanza alikuwa ameagiza ya kwanza ya zile alizoziita pampu za joto, kwa ajili ya nyumba moja ya wageni pale mjini.

Alinieleza hivi. Maji ya kisima, hata ukiyaona baridi, yana joto ndani yake. Gesi iliyomo kwenye mashine ni baridi kuliko maji, kwa hiyo inapopita karibu nayo inayanyang'anya lile joto. Kompresa inaikandamiza ile gesi, joto linapanda, kisha linatemwa kwenye tangi la maji ya kuogea. "Hatuwashi kitu," alisema. "Tunahamisha tu." Nikaitikia ndiyo. Nilikuwa sijaelewa. Nilifunga mashine nne nikiwa sijaelewa, na zote zilifanya kazi, jambo ambalo lilinichanganya zaidi kuliko kama zingekataa.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Kulikuwa na manometa mbili za kupimia mgandamizo wa gesi, ya bluu na nyekundu, chalimo ya kutoa moto wa kuunganishia mabomba ya shaba, na chupa ya povu la sabuni la kutafutia gesi inayovuja. Kulikuwa pia na kipimajoto cha zebaki ambacho Bwana Nuru alikibeba mfukoni ndani ya kifuko cha ngozi, na hakuna aliyeruhusiwa kukishika. Kabla ya kufungua mashine yoyote alikuwa anauliza habari za maji. Yanatoka wapi? Yanapita kiasi gani? Kuna mchanga? Wateja walipenda kuongea habari za umeme, kwa sababu umeme ukikatika ni kosa la mtu mwingine. Yeye aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza tena habari za maji.

Kazi yangu ya kwanza peke yangu ilikuwa Itaba, kwenye kituo cha kukusanyia maziwa. Mashine ya pale ilipoza maziwa upande mmoja, na joto lililotoka kwenye maziwa likapasha maji ya kuoshea makopo upande wa pili. Ilikuwa imezima. Msimamizi wa kituo aliniambia kwa sauti ya chini kwamba kuna mtu ameifanyia dawa. Nilifungua chujio la maji, nikamkuta chura, mzima kabisa, ananitazama kama mimi ndiye niliyeingia kwake bila hodi. Nilimtoa, nikawasha, mashine ikaunguruma. Yule msimamizi aliitikia kwa Kirundi, "Ego, niliwaambia kuna kitu."

Nilirudi Gitega nikitembea juu ya mawingu. Nikajiwekea imani kwamba kila ubovu una kitu ndani yake kinachoshikika kwa mkono, na fundi kazi yake ni kukipata. Niliishi na imani hiyo miaka minne. Muyinga ndiko ilikonishinda.

Pale Muyinga, juu ya kilima nje kidogo ya mji, kulikuwa na nyumba ya wazazi iliyoendeshwa na masista. Siitaji jina. Aliyekuwa mkubwa wa pale tulimwita Sista Konsolata, mwanamke mrefu, mkali kwa vitu na mpole kwa watu. Wanawake walikuja kujifungua kutoka mbali, kwa miguu au wakibebwa kwenye machela, na kila siku kulikuwa na mashuka ya kufua na watoto wachanga wa kuosha. Maji ya moto yalipatikana kwa kuni, na kuni zilikuwa zinakwisha kwenye vilima. Bwana Nuru akaenda, akakaa bondeni nusu siku akiitazama chemchemi, akarudi akasema inafaa.

Tulifunga pampu ile kwa majuma matatu. Bondeni tulijenga kisanduku cha zege pale maji yanapochipuka, tukaweka mfuniko wa chuma wenye bawaba na kufuli. Kutoka hapo pampu ndogo iliyasukuma maji hadi kwenye mashine kilimani, mashine ikachukua joto lake, kisha maji yakarudi kwa bomba jingine na kumwagika kwenye kijito, hatua chache chini ya kisanduku. Mfuniko niliufunga mimi mwenyewe. Bwana Nuru alikuwa juu akiunganisha gesi.

Ufunguo wa kufuli ulikabidhiwa kwa zamu wa mchana, yaani mlinzi, Mzee Miburo. Alikuwa mtu wa makamo aliyevaa koti la kijeshi lisilo na vifungo na alizungumza kidogo sana. Kazi yake ilikuwa kulinda uzio na chemchemi, na kila asubuhi kufungua kisanduku na kutoa majani. Alikuwa anafanya hivyo kwa uangalifu, akipanga majani pembeni kama mtu anayepanga mboga sokoni.

Miezi mingi ilipita vizuri. Sista Konsolata alitutumia salamu kwamba kuni sasa zinapikia chakula tu. Kisha kiangazi kikaingia, na kukaja ujumbe kwamba mashine inazima.

Nilikwenda. Mashine yenyewe ilikuwa nzima. Ilikuwa na kidude kinachohisi maji yakipita, na maji yakipungua kinaizima, kwa sababu maji yakisimama ndani yake yataganda na kupasua sahani za chuma za upande wa baridi, zinazotenganisha maji na gesi. Kidude kilikuwa kimefanya kazi yake. Lakini nilipokuwa pale maji yalikuja kwa nguvu zote. Nilifungua chujio, safi. Nikashuka bondeni, Mzee Miburo akanifungulia kufuli, nikaangalia kisanduku. Kilikuwa kisafi, maji yanacheza. Niliwasha, nikalala mjini kwa shangazi yangu, asubuhi nikaikuta bado inaunguruma. Nikarudi Gitega.

Baada ya wiki mbili ikazima tena. Nikaenda tena, nikakuta tena kila kitu kizuri. Sista alinionyesha daftari aliloandika kila ilipozima. Nikaona kwamba ni mchana siku zote, kati ya saa tatu na saa saba. Nilimwuliza Mzee Miburo kama ameona chochote.

"Sijaona kitu, madamu."

"Hakuna anayekuja huku?"

"Watu wanakuja. Ni maji."

Nilikaa kwenye jiwe, nikachora mabomba yote kwenye karatasi, nikahesabu viungo, nikafikiria hewa iliyonasa, nikafikiria pampu ndogo, nikabadilisha hata kidude chenyewe. Kichwa kiliniuma. Chura hakuwepo.

Safari ya tatu waliniita baada ya balaa, nami nilikuwa mjini kwa shangazi, nikafika saa ileile. Mashine ilizimwa na kuwashwa mara nyingi mpaka kidude kikakwama. Maji yaliposimama hakikuhisi kitu, upande wa baridi ukaganda, sahani zikapasuka, gesi ikatoka yote. Niliposhika bomba la shaba lilikuwa halina tofauti na kipande kingine chochote cha chuma. Nilishuka bondeni mbio, na wanawake waliokuwa kijitoni waliponiona na mkoba wangu wakakusanya nguo zao wakaondoka. Sikuwatilia maanani. Mzee Miburo akafungua kufuli. Ndani, kwenye mdomo wa bomba, kulikuwa na donge la majani ya mgomba lililokandikwa kwa udongo, limesukumwa kwa nguvu na kukaa vizuri. Nililitoa kwa mkono. Lilikuwa na alama za vidole.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Baada ya wiki hizo zote nilikuwa nimepata kitu kinachoshikika.

Juu, mashuka yalikuwa yanachemshwa kwenye mapipa tena, na moshi uliingia mpaka wodini. Sista Konsolata macho yake yalikuwa mekundu. Nilimwonyesha lile donge juu ya gazeti.

"Nani mwenye ufunguo?" aliuliza.

"Mzee Miburo peke yake."

"Na wewe unasema nini, Zuhura? Wewe ndiye fundi."

Nikaandika ripoti. Ninaikumbuka neno kwa neno, na sipendi kuikumbuka. Nilisema bomba lilizibwa kwa makusudi, kisanduku kilikuwa kimefungwa kwa kufuli lisilo na dosari, na mwenye ufunguo ni mmoja. Sikuandika jina la Miburo. Nilijiona mwerevu kwa kutoliandika.

Walimwita palepale, mbele yangu. Alivua kofia.

"Mi sikuziba, Sista."

"Basi nani?"

Akanyamaza. Sista akamwuliza mara ya pili, akanyamaza vilevile. Kisha akanitazama mimi, bila hasira, kama mtu anayesoma kibao cha barabarani asichokielewa. Aliweka ufunguo juu ya meza, pembeni ya donge, akatoka. Nilisikia baadaye kwamba alipita Kobero akaingia Tanzania kutafuta kibarua, akamwacha mke wake na shamba.

Sahani mpya zilichelewa majuma tisa kuja. Tulipozifunga, Bwana Nuru alikuja mwenyewe, mashine ikawaka, na zamu mpya, kijana ambaye Sista alimwamini, akapewa ufunguo. Siku ya sita ikazima.

Bwana Nuru aliivuta ripoti yangu mezani, akaisoma, akaigeuza upande wa nyuma kana kwamba kuna maandishi mengine kule. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla. Alitoa kile kifuko cha ngozi mfukoni, akanipa kipimajoto.

"Nenda ukae chini kule. Usifungue mashine. Kaa tu."

Ilikuwa Jumatano. Nilifika asubuhi na mapema nikakaa kijitoni, nikajifunga kitenge kichwani, mkoba nikauficha. Wanawake walikuja na mabeseni na watoto. Mmoja wao alikuwa mzee, mgongo umeinama, na wote walimpisha. Walimwita Mama Bukuru. Alikuwa ameuza ndizi mjini miaka mingi kwenye mtaa wa Waislamu, kwa hiyo aliponiona akanisalimia kwa Kiswahili.

"We ni wa ile mashine."

Sikuwa na la kuficha. Nikasema ndiyo.

"Vizuri umekuja. Njoo uweke mguu."

"Wapi, mama?"

"Hapa. Kwenye maji."

Nilivua viatu, nikaweka mguu pale alipoonyesha, chini ya bomba la kurudishia. Baridi ilinipanda mpaka gotini.

"Sasa kule juu."

Nikapanda hatua chache, juu ya bomba, pale maji machache yaliyomwagika kutoka kwenye kisanduku yalipopita. Nikaweka mguu mwingine. Nikasimama hapo, mguu mmoja ukiniuma na mwingine haunidai kitu, nikajisikia mjinga kama siku ile ya kwanza nilipoachia bomba.

"Maji yetu haikuwa hivi," alisema Mama Bukuru. "Tunaogesha watoto hapa tangu bibi yangu. Mmekuja na ile mashine yenu, maji ikaanza kuuma. Tukasema pengine ni kiangazi. Kiangazi iko kila mwaka, lakini maji haikuwa inauma."

Mdomo wangu ulitaka kusema kwamba maji ya chemchemi ni baridi siku zote. Ulikuwa tayari umefunguka. Badala yake nilitoa kipimajoto. Juu ya bomba, digrii kumi na tisa. Chini ya bomba, kumi na tatu. Nilipima mara nne. Masika, kijito kikiwa kimejaa, maji yetu ya kurudi yalipotea ndani ya maji mengine na hakuna aliyehisi. Kiangazi chemchemi ilipopungua, karibu maji yote ya kijito yalikuwa ni yale yaliyokwisha kupita kwenye mashine yangu. Watoto wa bonde lile walikuwa wanaogeshwa kwa maji ambayo joto lake tulishalichukua, tukaosha nalo watoto wengine kilimani.

Miaka minne nilikuwa nasema "tunahamisha tu" kwa wateja, na sikuwahi kujiuliza tunahamisha kutoka kwa nani.

"Kwa hiyo mnaziba bomba," nikasema.

"Jumatano na Jumamosi. Tunaogesha, tunafua, tunazibua, tunaenda. Siku ile ulikuja mbio, hatukuwahi kuzibua."

Nilikumbuka daftari la Sista. Nilisoma saa, siku sikuzisoma.

"Lakini kuna kufuli, mama. Mnafunguaje?"

Alimwambia mmoja wa wanawake, naye akaenda kwenye mfuniko, akasukuma pini ya bawaba kwa kidole kutoka chini, ikachomoka, akaufungua mfuniko kwa upande wa pili. Kufuli lilibaki limefungwa, linaning'inia vizuri. Pini ya bawaba inatakiwa igongwe kichwa pande zote mbili ili isitoke. Hii ilikuwa imegongwa upande mmoja tu. Niliigonga mimi. Siku ile nyundo ilikuwa juu kwa Bwana Nuru, nikasema nitamalizia kesho.

Nilikaa chini kwenye nyasi. Mama Bukuru akakaa karibu nami, kwa taabu, akishika magoti.

"Nilikuwa na mjukuu," akasema. "Miezi saba. Nilimwogesha hapa mimi mwenyewe. Siku ya pili kifua kikambana, siku ya tano hakuwepo. We umesoma. Niambie, ni maji?"

Nilitazama kipimajoto kana kwamba jibu limeandikwa mle. Baadaye nilimwuliza Sista Konsolata, aliyezalisha na kuzika watoto wengi, akaniambia vifua hubana kwa mambo mengi, na kiangazi watoto wengi hufa hata mahali pasipo na mashine. Nilimwuliza daktari mmoja Gitega, akasema vigumu kusema. Nimewauliza watu hilo swali maisha yangu yote ya kazi, kwa kuzungukazunguka, bila kusema kwa nini nauliza. Digrii sita. Sijui. Kuna asubuhi naamka nina hakika kwamba hapana, na kuna asubuhi nyingine.

Nilipanda kilimani nikamweleza Sista yote, pamoja na bawaba. Alinisikiliza akiwa amesimama. "Na Miburo?" akauliza. Nikasema Miburo hakuwa na kosa, kosa ni langu. Alituma mtu kwa mke wake siku hiyohiyo, lakini mke hakujua mume yuko upande gani wa Tanzania.

Bwana Nuru alileta mabomba. Tulichimba mtaro kando ya bonde, tukapeleka maji ya kurudi chini kabisa, mbali na mahali pa kuogea. Kabla ya kuingia kijitoni tulijenga bwawa pana lenye kina cha kifundo cha mguu, maji yakae juani kwanza. Bondeni tukaacha chemchemi iwe na njia mbili, ya mashine na ya watu, na ya watu ndiyo ya chini zaidi, ili maji yakipungua mashine ndiyo ikose kwanza. Fundi mmoja wa Bujumbura alituambia huo si utaratibu. Sista Konsolata mwenyewe ndiye aliyeongeza bomba la maji ya moto nje ya uzio, kwa ajili ya wanawake wa bondeni. Mama Bukuru alilitumia, lakini nilipomtembelea hakuacha kunionyesha mguu.

Tangu siku hizo, popote nilipofunga pampu, nilipima maji kabla na baada, tena niliteremka kuona nani anayatumia chini. Mmenicheka kwa hilo, najua. Endeleeni kucheka, lakini teremkeni.

Vita vilikuja. Siviandiki, kila mmoja wenu ana vyake. Kwa upande wa kazi, mipaka ilifungwa, gesi haikuingia. Tulitoa gesi kwenye mashine zilizokufa kuzitia zilizokuwa hai, kama watu wanaochangiana damu. Bwana Nuru alifariki katika miaka hiyo, kitandani kwake, Magarama, na kipimajoto kilibaki kwangu kwa sababu hakuna aliyekumbuka kukidai. Mashine ya Muyinga iliendelea muda mrefu kuliko nilivyotegemea, kisha kompresa ikashikana na hatukuwa na nyingine. Sasa juu ya paa kuna vioo vya kuchemshia maji kwa jua. Nilivifunga mimi. Havimnyang'anyi mtu aliye chini, isipokuwa labda mawingu.

Mwaka jana, miezi michache kabla ya kustaafu, nilikwenda pale kukagua vile vioo. Kwenye benchi la nje alikaa mzee mwenye fimbo akisubiri mkwe wake ajifungue. Sikumtambua. Yeye alinitambua.

"Madamu wa bomba," akasema.

Alikuwa Miburo. Alirudi na wale waliorudi kutoka Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama cha redio. Nilimsalimia kwa mikono miwili, nikaanza kumweleza kwa haraka, bawaba, pini, nyundo, Jumatano, kila kitu, na kwamba nilimsingizia, na kwamba namwomba msamaha. Alingoja nimalize.

"Najua kuhusu ile pini," akasema. "Nilikuwa nawaona."

Nikadhani sijasikia vizuri. "Uliwaona wakiziba?"

"Kila Jumatano na Jumamosi. Nilikuwa nageuka naangalia upande mwingine."

"Sasa kwa nini hukusema? Sista alikuuliza mara mbili!"

"Ningesema, wangekatazwa. Nilikuwa nimeajiriwa kulinda maji. Wao ndio walikuwa nayo kabla." Akasogeza fimbo yake. "Lakini mashine nayo ilikuwa ya watoto. Nilikuwa sijui nifanye nini, kwa hiyo sikufanya kitu."

Nilikaa kwenye benchi karibu naye. Kwa miaka yote nilimbeba moyoni kama mtu asiye na kosa lolote. Sasa alikuwa amekaa hapa ananiambia kwamba alijua, kwamba neno lake moja lingeokoa zile sahani na wanawake wa kilimani wasingesubiri maji ya kuni majuma tisa, na pia kwamba neno hilohilo lingewaacha watoto wa bondeni kwenye baridi. Sikujua kama nimkasirikie au nimshike mkono tena. Sikujua ripoti yangu ilikuwa uongo kiasi gani.

Nikamwambia angalau nitaifuta. Tukaenda pamoja ofisini kuulizia. Binti wa pale alitafuta kwenye makabati kwa subira, kisha akatuambia karatasi za miaka ile ziliungua au zilioza. Hakuna faili. Hakukuwa na kitu cha kufuta. Miburo alionekana kusikitika kuliko mimi.

"Basi andika nyingine," akasema.

Ndiyo maana nilipoombwa kuandika kumbukumbu hizi sikukataa. Nilipomaliza sehemu hii ya Muyinga nilipanda basi nikampelekea. Nilimsomea nje ya nyumba yake, mke wake akichambua maharage na kusikiliza. Nilikuwa nimeandika kwamba Miburo hakuziba bomba, kwamba ripoti ilikuwa kosa langu, na kwamba mtu mwema alipoteza kazi kwa sababu ya uzembe wa fundi. Yale aliyoniambia kwenye benchi sikuwa nimeyaandika. Niliona ni siri yake, na nilitaka awe safi mbele yenu.

Alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya fimbo.

"Haijakamilika," akasema.

"Nini kimekosekana, mzee?"

"Kwamba nilijua, nikanyamaza."

"Lakini watu watasema—"

"Andika."

Nilimtazama mke wake, nikitumaini atanisaidia. Yeye aliendelea na maharage. Sikuelewa kwa nini mtu aliyesafishwa anataka kurudishiwa doa lake, na katika basi mpaka Gitega sikuelewa, na sielewi sasa. Nimeandika.